Kompyuta Ilijaa Nini

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto hapo kwenu. Natumaini barua hii inawakuta wazima, kifua cha yule mdogo kimetulia, na yule mkubwa ameacha kulia akifikishwa shuleni. Huku na sisi tupo. Mama hajambo. Goti linamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, lakini akishazunguka jikoni kidogo linalainika, na mdomo wake ndio kwanza una nguvu, si unamjua. Mimi ni mzima wa mwili. Wa roho sitakudanganya. Nimekaa kuandika nikiwa na hasira, na nimeshachana karatasi kadhaa kwa sababu zilianza na maneno ambayo mtu hamwandikii kaka yake. Hii nitajitahidi iwe na adabu. Nikishindwa mahali, ujue nilijitahidi.

Utajiuliza kwa nini sikukupigia simu. Ni mama. Alisema nikikupigia tutagombana, na sisi tukigombana kwenye simu lazima mmoja akate, halafu yeye ndiye anayebaki kubembeleza huku na huku. Akaniambia niandike, niandike yote bila kuruka, na wewe usome ukiwa umekaa. Nimemtii. Nina ombi moja: ukimaliza, mpe wifi naye asome. Kwa ajili hiyo mambo ya kazi yetu, ambayo wewe unayajua vizuri kuliko mimi, nitayaeleza kwa lugha ya nyumbani. Usinicheke. Wifi ana haki ya kuelewa.

Wifi, kazi yangu unaijua juujuu. Niko kituo cha simu za dharura. Mtu akianguka, akiungua, akijikata, jamaa zake wanapiga namba yetu na sisi tunatuma gari la wagonjwa. Kaka ndiye aliyenitafutia kazi hii, na sijaacha kumshukuru kwa sababu tu leo nimekasirika. Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari, kwa hiyo harufu ya grisi na mipira mipya inapanda ngazi pamoja na sisi kila asubuhi. Chumba cha mbele wanakaa wapokea simu, hedifoni masikioni. Nyuma ya kioo ni kitengo cha magari, ambako anakaa msimamizi anayezungumza na madereva. Mpokea simu akiandika jina la mtaa kwenye kompyuta yake, maandishi yanaingia kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi, na papo hapo yanatokea kwenye skrini ya msimamizi. Hakuna kupiga kelele, hakuna kukimbia. Seva yenyewe inakaa kwenye kichumba kilichokuwa stoo ya mafagio, na mimi ndiye mlezi wake.

Meneja wetu, Kaka, ni yule rafiki yako uliyelala naye bweni moja chuoni. Sisi tunamwita Bwana Baadaye, si mbele yake. Ukimwambia feni imekufa, baadaye. Ukimwambia bomba la chooni linavuja mpaka linawadondokea wauza vipuri, baadaye. Si mtu mbaya wa kumtazama. Ni mcheshi, anajua majina ya watoto wa kila mfanyakazi, na mwanzoni nilimpenda. Nilijiambia rafiki wa kaka yangu hawezi kuwa mtu wa hovyo.

Shida yetu ilikuwa programu. Kompyuta zote za ofisi zinatumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na programu za Linux zinakuja katika vifurushi kutoka kwenye maghala makubwa yaliyoko kwenye intaneti. Kila kompyuta ilikuwa inakwenda kuchota yenyewe. Laini yetu ya intaneti ni nyembamba, na siku ya kusasisha programu ofisi nzima ilikuwa inakohoa. Nikapendekeza tuwe na ghala letu wenyewe: nakala ya vifurushi ikae kwenye seva yetu, kompyuta zote zichote humu ndani. Bwana Baadaye akakubali upesi mpaka nikashangaa. Tukaja kushindana juu ya jambo moja tu, ambalo mtu wa nje angelisikia angecheka: ghala likae wapi.

Seva ina diski mbili. Ya kwanza ni ndogo na ina mbio, na ndimo lilimo eneo linaloitwa /var. Humo ndimo zinamoandikwa simu zetu zote: nani amepiga, yuko mtaa gani, gari gani limetumwa. Ya pili ni diski kubwa, imeunganishwa mahali panapoitwa /srv. Mimi nikasema ghala likae /srv, kwenye diski kubwa, peke yake. Ghala la vifurushi ni kitu kinachonenepa. Leo lina nafasi, kesho watengenezaji wa programu wametoa toleo jipya, limejaa. Likijaa kwenye diski yake litakwama lenyewe, nami nitalifagia, wala hakuna atakayejua kulikuwa na tatizo. Lakini likijaa kwenye diski ya simu, simu zinakosa pa kuandikwa. Nilimwambia meneja, kwa maneno hayahaya ninayokuandikia, kwamba ni kama kurundika magunia ya mkaa kwenye chumba cha mgonjwa kwa sababu tu mlango wake uko karibu na barabara.

Alikataa. Diski kubwa alishaigawa kwa kamera za maegesho. Tangu mtu asiyejulikana alipomkwaruzia gari lake, ametundika kamera uani, na kila kitu kinachotokea uani kinahifadhiwa kwenye diski hiyo. Niliwahi kufungua nitazame. Kaka, ni gari lake limesimama. Asubuhi limesimama, mchana limesimama, paka amepita, limesimama. Nikamwambia basi tufute picha za zamani tugawane nafasi. Akasema baadaye.

Nikarudi na mchoro. Nikarudi tena na mfano wa ofisi nyingine iliyofanya kama ninavyotaka. Mara ya mwisho akaniita mbele ya wakuu wa vitengo, akaegemea kiti, akasema amezungumza na mtaalamu wa nje, mtu mzito katika fani hii, na mtaalamu amesema vifurushi vinawekwa /var. Ndiyo kawaida. Hata ile programu ya kuchukua nakala, ukiiacha bila kuiambia kitu, inaviweka huko yenyewe, kwa hiyo, akasema, "sioni sababu ya dada yetu kutuletea ubunifu." Watu wakacheka. Si kwamba walielewa. Walicheka kwa sababu meneja amecheka.

Na ni kweli, Kaka. Ndiyo kawaida. Sijawahi kubisha hilo. Lakini kawaida iliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye kwenye /var yake hamna roho za watu. Nikauliza kama huyo mtaalamu ameiona seva yetu. Nikajibiwa wataalamu wa kiwango hicho hawahitaji kuona. Nikaomba nizungumze naye hata kwa simu. Unajua nilijibiwa nini. Na kama hiyo haikutosha, akaniagiza nichukue vifurushi vyote, hata vya aina ya mashine ambazo hatuna na hatutakuwa nazo, kwa sababu mtaalamu amesema ni vizuri kuwa na kila kitu karibu.

Nikameza maneno nikafanya nilivyoagizwa. Niliweka tahadhari: diski ikikaribia kujaa, ujumbe uje kwenye simu yangu na kwenye simu ya meneja. Niliomba pia ruhusa ya kuingia kwenye seva nikiwa nje ya ofisi, kama dharura ikitokea. Akakataa, akasema usalama.

Ikafika siku yenyewe. Ilikuwa katikati ya asubuhi, jua limewaka, siku ya kawaida kabisa. Bwana Baadaye alikuwa amenituma ofisi yetu ndogo upande wa pili wa mji nikatengeneze printa. Nimeifungua printa, mikono imejaa wino, simu ikalia. Diski inajaa. Toleo jipya la programu lilikuwa limetoka, na ghala letu, kwa vile liliagizwa kuchukua vyote, lilikuwa linabugia kama limefungiwa njaa. Nikampigia meneja. Nikamwambia, "Bosi, diski ya simu inajaa, narudi sasa hivi." Akaniambia, "Malizia printa kwanza. Hiyo ya diski baadaye."

Niliiacha printa tumbo wazi, nikatoka mbio nikatafuta teksi. Nilimwambia dereva anikimbize. Akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza. Utamwambiaje mtu kwamba unakimbilia kufuta mafaili?

Nilipopanda ngazi nilisikia kelele kabla sijafungua mlango. Skrini zote zimeganda. Wapokea simu walikuwa wamesimama, wengine hedifoni shingoni, wanapiga kelele kupitia mlango wa kioo, kila mtu anataja mtaa wake. Msimamizi wa magari alikuwa ameziba sikio moja na mkono anaandika nyuma ya bahasha. Sikusimama. Nilikwenda moja kwa moja stoo ya mafagio, nikafuta vifurushi vya zile mashine tusizokuwa nazo. Diski ikapumua, skrini zikaamka. Halafu, bila kumwuliza mtu yeyote, nikafuta picha zote za gari la meneja, nikalihamisha ghala zima nikaliweka /srv. Kazi niliyoambiwa haiwezekani tangu mwanzo wa mwaka, niliimaliza kabla watu hawajaenda kula.

Lakini lililokuwa limeshatokea lilikuwa limeshatokea.

Kuna mwenzetu mmoja, mpokea simu, tunamwita Dada Pole. Sauti yake ni ya kumlaza mtoto. Watu waliochanganyikiwa kabisa wakizungumza naye wanatulia, ndiyo sababu simu ngumu zinaelekezwa kwake. Wakati skrini zinaganda alikuwa anazungumza na mwanamke ambaye mumewe ni seremala. Msumeno wa umeme ulikuwa umeteleza ukamkata paja. Mama wa watu amebana kidonda kwa kanga, damu haisimami. Wako Barabara ya Viwanja. Dada Pole akaandika, maandishi hayaendi. Akaandika tena. Akamwambia yule mama aendelee kubana na asikate simu, akavua hedifoni, akakimbia mpaka mlango wa kioo, akataja mtaa. Lakini sauti ile inayotuliza watu si sauti ya kushinda kelele. Wenzake nao walikuwa wanapaza zao. Msimamizi akasikia Viwanda.

Gari likaenda Barabara ya Viwanda, ng'ambo ya reli. Likazunguka huko, likauliza, hakuna seremala. Lilipogeuza na kufika Viwanja, yule bwana alikuwa hajitambui. Hakufa. Walimpeleka hospitali, wakaukata mguu juu ya goti.

Mimi na Dada Pole tulikwenda kumwona. Hakuna aliyetutuma, na meneja alikuwa amekataza. Wodi ilikuwa na vitanda vilivyobanana, na yeye amelala cha dirishani, amegeukia ukuta, shuka limelala tambarare pale ambapo mguu ungekuwa. Hakutaka kuzungumza na sisi, na simlaumu. Mkewe ndiye alitupokea. Mikono yake ilikuwa na michubuko kwenye vidole kwa jinsi alivyobana siku ile. Dada Pole alipofungua mdomo kusalimia, yule mama akaitambua sauti, akamshika, wakalia wote wawili pale katikati ya vitanda. Mimi nikabaki nimesimama na mfuko wangu wa machungwa kama mgeni aliyekosea msiba.

Halafu yule mama alinigeukia akaniuliza kama mimi ndiye wa kompyuta. Nikasema ndiyo. Akasema, "Bosi wenu alinipigia. Ameniambia kompyuta ilijaa. Mimi sijasoma mambo hayo. Naomba uniambie tu, ilijaa nini?"

Kaka, wewe ungemjibu nini? Nataka ukae na swali hilo, usiliruke. Mimi nilitafuta jibu la kitaalamu, nikaliona ni aibu. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia ilijaa programu ambazo hakuna mtu pale ofisini angekuja kuzitumia, zilizowekwa mahali pasipo pake, na kwamba mahali pengine palikuwepo, pana nafasi, ila palikuwa pamewekwa picha za gari. Hakupiga kelele. Alisema, "Picha za gari," kama mtu anayerudia neno la lugha ngeni, akaenda kumfunika mumewe.

Nilitoka pale. Nilidhani hasira yangu imefika mwisho wake. Kumbe.

Juma lililofuata Bwana Baadaye alitukusanya, akatangaza kwamba uchunguzi wa ndani umekamilika. Kosa ni la kibinadamu. Mpokea simu aliacha kiti chake kinyume na utaratibu, na hakulitaja jina la mtaa kwa ufasaha. Kwa hiyo Dada Pole amesimamishwa kazi. Hivyo tu. Diski haikutajwa, wala ghala, wala ile simu yangu niliyompigia mikono ikiwa na wino. Dada Pole alivua kitambulisho chake shingoni, akakikunja kamba vizuri, akakiweka mezani. Alikuwa anaomba radhi! Mtu amebebeshwa mzigo usio wake, na bado anaomba radhi kwa kuchelewa kuubeba. Damu ilinichemka nikaona meza inasogea.

Nilimfuata meneja ofisini kwake nikafunga mlango. Sikukaa. Nilimwambia kwamba amemtoa kafara mtu asiye na hatia, kwamba nilimwonya, kwamba ana ujumbe wa tahadhari kwenye simu yake kama nilivyo nao mimi, na kwamba hatatoka humu kwa kunawa mikono. Kwanza alijitia hamnazo. Halafu akanibembeleza. Akaniita "mdogo wangu". Nilipotaja yule mtaalamu wake, nikasema namtaka huyo mtaalamu aje asimame wodini aeleze kawaida yake mbele ya mtu asiye na mguu, ndipo uso wake ukabadilika. Akasema, "Unamtaka mtaalamu? Haya. Msikilize."

Akachukua simu yake, akatafuta, akaiweka mezani. Ujumbe wa sauti.

Nilikutambua kabla hujamaliza neno la kwanza, Kaka. Nyuma yako nilimsikia mtoto wako akiimba. Ulisema hivi, nami nakuandikia kama nilivyosikia, na nilimwambia aurudie: "Huyo anayekusumbua ni mdogo wangu, namjua. Tangu utoto kila kitu kwake nyumba inaungua. Weka /var, ndiyo kawaida, chukua vyote, maisha yaendelee. Ila usimwambie ni mimi, ataninunia." Ukacheka.

Nimejaribu kukutetea. Nakuapia, nilijaribu njia nzima nikirudi nyumbani. Nilijiambia uliulizwa ukiwa na haraka. Nilijiambia rafiki yako hakukueleza kwamba diski ile ndiyo ya simu. Labda hakukueleza. Lakini hukuuliza, Kaka. Ungemwuliza swali moja tu: kwenye hiyo /var kuna nini kingine? Ni swali ambalo wewe mwenyewe ulinifundisha, kwenye ile kompyuta kuukuu uliyoniletea, ukanikataza kugusa diski ya mtu kabla sijajua imebeba nini. Kwa mtu baki ungeuliza. Kwa kuwa anayepinga ni mimi, uliona hakuna cha kuuliza. Ulinipima kwa utoto wangu ukaridhika. Na lile la usimwambie ni mimi, hilo ndilo silimezi. Ulijua ningekupigia. Ulijua ningekueleza, na labda ungenielewa, na ungelazimika kumrudia rafiki yako ukamwambia mdogo wangu yuko sahihi. Hukutaka usumbufu huo. Ndivyo ninavyoona, na kama nakuonea, nionyeshe.

Sasa nikuambie nililofanya, kwa sababu ndilo hasa lililonikalisha kuandika.

Makao makuu wametuma jopo la watu watatu: mama mmoja mwanasheria, mhandisi, na mzee mmoja wa utumishi. Bwana Baadaye alinishauri niseme sikumbuki. Akanikumbusha kwamba nikifungua mdomo, wa kwanza kuanguka atakuwa damu yangu mwenyewe, na jina lako katika fani litachafuka, na mkataba wako mpya je? Akasema tukinyamaza sote tutapona, na Dada Pole atatafutiwa mahali. Nilikwenda kwenye jopo asubuhi yake. Niliwaeleza yote niliyokueleza humu. Walipouliza mtaalamu wa nje ni nani, nilikutaja. Jina lako kamili. Yule mwanasheria aliinua macho, kwa sababu la ukoo ni moja, akaniuliza ni nani yangu. Nikasema ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Akaniuliza kama nina hakika nataka liandikwe. Nikasema liandikwe.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, nikadhani hakusikia. Halafu akaniuliza kitu kimoja tu, kama ni kweli. Nikasema ni kweli, nimeisikia sauti yake. Akasukuma ungo pembeni, akasema basi, mwandikie mwenyewe kabla hawajamfikia, asije akayasikia kwa watu. Usiku hakula. Usidhani nimefurahi, Kaka. Usidhani nimeshinda kitu.

Dada Pole amerudishwa kazini. Jopo liliamua hivyo bila kuzunguka, kwa sababu simu zote zinarekodiwa na walimsikia jinsi alivyomshika mkono yule mama kwa maneno mpaka dakika skrini ilipoganda. Amerudi, lakini kila akimaliza kuandika mtaa anasimama kuchungulia kwenye kioo kama umefika. Bwana Baadaye hakufukuzwa. Amehamishiwa makao makuu, atakuwa mshauri. Mshauri! Nilipoambiwa nilicheka mpaka wenzangu wakaogopa. Gari lake limeondoka naye. Shauri la fidia ya seremala bado liko mbele ya jopo, na mkewe anakuja kituoni kila linapotajwa, anakaa kwenye benchi la ngazini.

Sikuandikii ili uniombe radhi. Si mimi niliyekatwa mguu. Wala usimpigie mama kumlalamikia, ana goti lake la kuuguza. Ninachotaka ni kidogo. Ukiulizwa kama uliwahi kuiona seva ile, sema hukuiona. Ukiulizwa kama ulijua anayepinga ni nani, sema ulijua. Usitafute pa kujificha nyuma ya kawaida, wala usimfiche rafiki yako. Useme yaliyotokea, kwa sauti ileile uliyoitumia kwenye ule ujumbe, ila bila kicheko.

Wifi, nisamehe kwa kukuingiza. Wabusu watoto, uwaambie shangazi yao anawapenda na hajawasahau. Mama anawasalimu wote. Majirani nao wanauliza lini mtakuja, nami nawajibu kwamba sijui.

Kaka, jopo watakupigia wiki hii. Pokea simu.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado ni mdogo wako,

Mlezi wa seva